Gia boksi ya vespa ilokunywa maji ya masika: shajara ya uani

Jumamosi 3 Mei

Naanza kuandika leo kwa sababu najijua, nikifungua kitu bila ya kuandika siku ya kufunga nabakia na nati mbili mkononi na sijui za wapi. Chombo chenyewe ni vespa ya mtumba ya 150, injini ile inayoitwa GY6, nimeinunua kwa bwana mmoja alokuwa akikodisha watalii huko Paje. Na nikisema vespa munifahamu, hapa Unguja kila chenye matairi madogo na pahala pa kuwekea miguu ni vespa hata kama Italia hakijawahi kuisikia. Vespa yenyewe ya Piaggio, zile za zamani za gia za mkononi, haina hata mkanda, injini inazungusha tairi kwa gia tupu. Hii yangu muundo wake asili ni wa Honda, ukapita Taiwan, ukaishia China, ina mkanda, ina klachi inayojishika wenyewe injini ikipanda, halafu nyuma kabisa ubavuni mwa tairi ina kijiboksi cha gia cha kupunguza mwendo kabla haujafika kwenye tairi. Hicho kijiboksi ndo kilonikosesha usingizi.

Ilivyoanza ni hivi. Mwezi uliopita mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi Mwanakwerekwe pamejaa maji, wenzangu wanarudi, mie nikajitia jabari nikapita. Maji yalifika juu ya nusu ya tairi. Injini haikuzima na nilijisifu siku nzima kazini. Wiki ya pili yake ikaanza kulia nyuma, wuuuu, kama mtu anasaga kahawa chumba cha pili, na breki ya nyuma ikaanza kuwa ya kubembeleza, unaibana na yeye anakwenda zake.

Kabla ya kufungua chochote nikafanya mtihani mmoja alonifundisha mzee fundi wa mtaani kwetu Jang'ombe. Zima injini, isukume. Vespa ya mkanda ukiisukuma imezimwa klachi haijashika, kwa hiyo kinachozunguka ni tairi, gia za kwenye boksi na lile bakuli la klachi bas, mkanda na injini vimelala. Mlio ukiusikia wakati unasukuma usiende kununua mkanda wala rola, hela yako itapotea, ugonjwa uko kwenye gia boksi au kwenye breki. Nikaisukuma uani, ikalia vilevile, pole pole. Nikaitia stendi kubwa, ncha ya bisibisi kwenye boksi, mpini wake sikioni, mdogo wangu akazungusha tairi kwa mkono. Mchanga ndani ya kopo, huo ndo mlio.

Bas nikafungua bolti ya chini nimwage oili. Nilitarajia nyeusi, ikatoka chai ya maziwa. Kweli kabisa, ungeiweka kwenye kikombe mtu angeuliza mkate uko wapi. Nikaipima kwenye chupa ya maji yenye alama, mililita 170 hivi, na boksi hii inakula kama 120. Hizo 50 za ziada ndo Mwanakwerekwe.

Jumapili 4 Mei

Kufungua. Kwanza egzosi, maana bila ya kuitoa hiyo tairi halitoki, na bolti zake zilikuwa zimeliwa na chumvi ya pwani, moja imekatika (sikushangaa, chombo kimeishi Paje). Halafu nati ya ekseli, soketi namba 24 na bomba la maji la mita moja kwa ajili ya kuongeza mkono. Tairi likatoka na hapo nikaona kwa nini breki haishiki, viatu vya breki vimerowa oili mpaka vimekuwa vyeusi kama halua. Kwenye hizi za breki ya bakuli viatu vinakaa juu ya mfuniko wa gia boksi wenyewe, pembeni ya sili ya ekseli (ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke), sili ikivuja oili haina pahala pengine pa kwenda isipokuwa kwenye breki. Yaani chombo kinakuharibia gia na breki kwa mpigo mmoja na wewe unafikiri ni magonjwa mawili.

Na hapa nikagundua si mie wa kwanza kuingia humu. Mfuniko mzima umepakwa silikoni nyekundu, nje, ndani, kwenye ukingo wa sili, mpaka kile kijidude kama chuchu kiliopo juu ya boksi nacho kimepakwa. Fundi alopita hapa alikuwa na tyubu nzima na hakutaka kurudi nayo nyumbani. Nikakwangua iliyonizuia bolti nikaendelea na yangu.

Upande wa pili nikatoa kava ya mkanda, kiki, bakuli la klachi (nililishika kwa mkanda mkuukuu nilouzungusha, nati ikatoka), puli ya nyuma na klachi yake, mkanda. Nilipoishika ile ncha ya shafti ya klachi nikaitikisa juu chini, ikacheza. Haitakiwi kucheza hata unywele.

Bolti za mfuniko nimezichomeka kwenye kadibodi nilochora umbo la mfuniko, kila moja kwenye nafasi yake, kwa sababu urefu haufanani na ukitia ndefu pahala pa fupi utatoboa kesi, yaani lile ganda la boksi. Mfuniko ulikuwa umeng'ang'ania, mdogo wangu akaja na patasi nikamwambia hasha, ukichokoa kwa patasi unauchana uso wa gasketi na hapo patavuja mpaka kiama. Nyundo ya mpira, kugonga kwa pembeni, kuzunguka, robo saa. Ukafunguka.

Ndani. Mtume. Kutu kwenye beringi mbili, rangi ya chai kila pahala, na kwenye gia kubwa ya shafti ya kati jino moja limemeguka kona. Hicho kipande nilikikuta chini kabisa kwenye matope ya oili, kidogo kama punje ya mtama. Bahati hakikupita katikati ya meno.

Jumatano 7 Mei

Usiku tu, baada ya kazi. Nimesafisha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikapiga picha, nikasoma namba za beringi. Kwa asojua, beringi hazina siri, namba imechongwa ubavuni na namba ndo jina lake. Ilosoma 6204 maana yake tundu la ndani milimita 20, nje 47, unene 14. Zile tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 unazidisha kwa 5, 04 ni 20, 05 ni 25. Chini ya hapo unakariri tu, 03 ni 17, 02 ni 15, 01 ni 12, 00 ni 10. Ukishajua hivi huna haja ya kumwambia muuza duka "nipe beringi za vespa ya Kichina" akakupa anazotaka kuzimaliza.

Sili nazo zina namba. Ya ekseli upande wa tairi ni 27 kwa 42 kwa 7, na ile ya shafti ya klachi inayozuia oili isiende kwenye mkanda ni 20 kwa 32 kwa 6. Nimeamua nabadilisha zote, beringi zote na sili zote, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu kazi ya kufungua ni siku mbili na beringi ni bei ya sahani ya pilau.

Jumamosi 10 Mei

Siku ya kutafuta spea, na siku ya kujifunza hesabu.

Beringi nimepata mjini bila ya tabu ila zote zilikuwa za kufunikwa, zile zenye mpira pande mbili. Ndani ya gia boksi beringi inaoga oili inayorushwa na gia, kwa hiyo inatakiwa iwe wazi. Nilonunua nimezing'oa ile mipira kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia na kuziosha grisi yake. 6204 nikachukua mbili, moja ya akiba, najijua mie na nyundo.

Gia sasa. Nikaenda Amani kwa fundi wa kukereza, mtu mzima, mikono yake tu inakwambia anajua. Akalitizama lile jino, "mwanangu hili tunalijaza weldi halafu nalichonga, elfu kumi na tano, kesho unakuja." Nikamshukuru kwa heshima zote nikaondoka nalo. Gia hizi uso wake umepikwa mgumu na ndani laini, ukitia weldi ule moto unaharibu ugumu wa meno ya jirani, na jino lenyewe la weldi litakuwa ama laini kama siagi ama gumu la kupasuka kama kioo. Kwa mkokoteni ningekubali. Kwa kitu kinachozunguka chini ya makalio yangu, hapana.

Nikapita kwa bwana mmoja anayechinja vespa kuuza vipande. Anayo shafti ya kati, injini hiyohiyo, kavu, safi, elfu ishirini. Nilishatoa hela mfukoni ndo nikasema ngoja nihesabu meno. Yangu gia kubwa ina 39. Yake 37. Nikahesabu tena na chaki nikiweka alama jino la kuanzia, 37. Yule bwana akaanza kukasirika, "yakhe injini moja, meno mawili yana nini?"

Yana mengi. Gia ya kwangu ndogo iliyoko kwenye shafti ya klachi ina meno 14. 14 na 39 jumla 53. Hiyo 37 ilitoka kwenye boksi lenye gia ndogo ya meno 16, jumla 53 vilevile, kwa sababu umbali kati ya shafti na shafti haubadiliki, kesi ni ileile. Ukichukua 37 yake ukaioanisha na 14 yangu unapata 51, meno yanagusana kwa ncha tu, itakwenda mpaka Darajani na kurudi itarudi kwa kubebwa. Gia hizi zinanunuliwa mke na mume, huchukui mmoja.

Akanambia bas chukua zote mbili, 16 na 37, na hapo nikatamani kusema kweli. Piga hesabu, 39 gawa kwa 14 ni 2.79, na 37 gawa kwa 16 ni 2.31, maana yake kwa mzunguko uleule wa injini tairi linazunguka zaidi kwa kama asilimia 20. Chombo kinakuwa na mbio. Lakini mbio hizo zinalipwa wakati wa kuondoka, klachi inateleza zaidi, na mie jioni nabeba boksi la malai (aiskrimu) ya mama kupeleka maduka matatu, kilo kama 40 pamoja na barafu. Nikaziacha. Bado naziota.

Nimempigia shemeji alioko Dar, ataniangalizia Kariakoo jozi ya 14 na 39.

Alkhamis 15 Mei

Gia zimekuja kwa boti, nimezipokea Malindi zimefungwa kwenye gazeti na soksi. Nimehesabu meno palepale bandarini nimechuchumaa, watu wananitizama. 14. 39. Nikambusu yule kijana alonikabidhi, kwa mbali.

Jumamosi 17 Mei

Siku ya beringi. Hii ndo sehemu nilokuwa naiogopa na ndo ilokuwa tamu kuliko zote.

Za kwenye mfuniko zilitoka kirahisi, unagonga kutoka upande wa pili na soketi kuukuu. Shafti ya klachi nimeigonga kwa ubao ikatoka. Matata ni ile beringi iliyoko kwenye kesi ya upande wa injini, kwenye shimo lisilotokeza upande wa pili. Hakuna pa kugonga. Ipo pula maalumu ya kazi hiyo lakini mie sina na nilipoulizia bei yake nikacheka.

Nikatumia boflo. Sifanyi mzaha. Unachukua mkate laini, unaurowanisha kidogo, unaushindilia ndani ya tundu la beringi mpaka unajaa nyuma yake, halafu unachukua kipande cha chuma cha duara kinachoenea kwenye tundu bila ya kulegea (mie nilikuwa na bolti ilokerezwa), unakigonga. Mkate hauna pa kukimbilia, unasukuma beringi kwa nyuma. Unaongeza mkate, unagonga, unaongeza. Grisi wengine wanatumia lakini kwenye beringi ilio wazi inachirizika katikati ya gololi. Mkate hauchiriziki. Nusu boflo ilikwenda, beringi ikaanza kuchungulia, nusu ya pili ikatoka nzima na mkate mweusi nyuma yake. Mdogo wangu kavideo yote na anacheka mpaka amekaa chini.

Kuingiza mpya ndo nikamkosea mama. Kanuni ni kwamba alumini inatanuka kwa moto karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha kesi na ukagandisha beringi, shimo linakuwa kubwa na beringi inakuwa ndogo, inaingia kwa kidole. Kwa shimo la milimita 47 ukilipasha nyuzi 80 juu linatanuka kiasi cha sehemu 8 au 9 za mia za milimita. Unaweza kusema ni kitu gani hicho, lakini kwenye beringi hicho ndo tofauti ya kuingia na kupigwa nyundo.

Kwa hiyo beringi zote tangu usiku nilizitia friza, zimefungwa mfuko, katikati ya malai za ukwaju. Na mfuniko asubuhi nikauweka juu ya chuma cha chapati kwenye jiko la mkaa, nilikuwa nimeuosha lakini si vya kutosha, uwani kukanuka oili. Mama akatoka.

"Weye mtoto weye, hicho chuma changu ndo umekigeuza gereji?"

"Dakika tano tu mama, samahani."

"Na kwenye friza mna machuma. Watu wanakula malai zile!"

Nikamwambia nitamnunulia chuma kipya na nimeshanunua, kabla hamjauliza. Ila niwaambieni, nilipodondosha tone la maji juu ya mfuniko likachemka na kuruka, nikatoa beringi friza imepiga ukungu, nikaiweka juu ya shimo, ikaingia yenyewe, tok. Sikugonga. Nilisimama naitizama tu. Ya kwenye kesi ya injini haiwezi kupanda jikoni kwa hiyo nilizungushia matambara nikamimina maji ya moto kwa nje huku dada ananielekezea draya yake ya nywele kwa ndani. Hiyo ilihitaji kugongwa mara tatu, kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wa nje wa beringi. Ukigonga ule wa ndani nguvu zinapita kwenye gololi na umeshaiua beringi kabla haijafanya kazi siku moja.

Jumapili 18 Mei

Sili na kufunga.

Shafti ya ekseli pale sili ilipokuwa inakaa pana mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Mdomo wa mpira umelikata chuma, na mchanga wa Paje umesaidia. Ukitia sili mpya pahala palepale mdomo unakaa ndani ya mfereji na unavuja. Nilichofanya, sikuishindilia mpaka mwisho, nimeiacha juu kama milimita moja na nusu hivi mdomo ukae kwenye chuma kizima. Nimeipaka oili mdomoni, nikaigonga kwa kipande cha bomba la plastiki kinacholingana nayo, kuzunguka, ikae sawa.

Gasketi ya karatasi mpya, kavu, bila ya silikoni hata tone. Washa za shafti ya kati ziko mbili na zinasahaulika, angalia kwenye oili ya zamani na kwenye beringi kama hazijaganda hapo. Bolti kwa msalaba, kidogo kidogo. Nikazungusha shafti kwa mkono, kimya. Kimya kabisa. Nikamwita mdogo wangu aje asikie kimya.

Nati ya ekseli inataka kama nyutoni mita 115 hadi 120 na spana ya kupima mkazo sina. Nimekwenda kuazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki jirani, ile ya springi. Spana yangu na bomba kutoka katikati ya nati mpaka nilipofunga ndoana ni sentimita 40. Nikavuta mpaka mizani ikasoma kilo 30. 0.4 mara 30 mara 9.8, karibu 118. Ekseli sasa inanuka changu lakini imekazwa kwa kitabu.

Viatu vya breki vipya, vile vya zamani sikutaka hata kuviosha, oili ikishaingia ndani ya breki haitoki, utaosha leo kesho ikipata moto inatoka tena. Bakuli la breki nimelifuta kwa petroli. Oili ya gia namba 90, mililita 120 kwa bomba la sindano, kisha bolti ya kupimia, chombo kikiwa stendi kubwa oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu bas.

Jumatatu 19 Mei

Bububu na kurudi. Sina maneno. Haina mlio. Nasikia upepo, nasikia watu wanazungumza njiani, sikuwa najua kama mkanda una sauti yake ndogo ya kufurahisha.

Alkhamis 22 Mei

Inavuja.

Siandiki mengi leo. Upande wa tairi, palepale. Tone moja kwenye rimu asubuhi, na kiatu kimoja cha breki kimerowa ukingoni. Kilomita 90 tu tangu nifunge. Nimekaa kwenye kigoda naitizama mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi 24 Mei

Nilikuwa nimeshajipangia kuwa kosa ni sili, ama feki ama nimeitia upande, na kwamba ule ujanja wangu wa milimita moja na nusu ndo ulonifikisha hapa. Nimenunua sili nyengine. Lakini kabla ya kufungua nikatoka nayo raundi moja ipate moto ili nione inavuja kutokea wapi hasa, juu ya mdomo au kwenye ukingo wa nje. Nikarudi, nikaitia stendi, nikafungua ile bolti ya kupimia kuangalia imebakia oili kiasi gani.

Psssssss.

Ilitoa pumzi kama chupa ya soda. Na oili ikanirukia shati.

Nikabakia na bolti mkononi. Kwa nini gia boksi ina presha? Hamna petroli humo, hamna moto. Kuna hewa tu, na hewa ikipata moto inatanuka, na gia boksi lolote lina pahala pa kupumulia kwa sababu hiyohiyo. Pahala pa kupumulia. Kile kijidude kama chuchu. Kilopakwa silikoni nyekundu. Nilichokiona tarehe 4, nikakiandika humu kwa mkono wangu mwenyewe, nikakipita.

Nikachukua spoku ya baskeli nikakidunga. Kizibo cha silikoni urefu wa kucha ya kidole gumba, kimekaa humo kama kimezaliwa nacho. Nafahamu ilivyokuwa, fundi wa watu aliona oili kidogo inatokea hapo (huenda waliijaza kupita kiasi), akasema panavuja hapa, akaziba. Kuanzia siku hiyo kila boksi ikipata moto hewa inatafuta njia na njia iliyobakia ni mdomo wa sili. Wakabadilisha sili, ikavuja, wakapaka silikoni, ikavuja, wakaniuzia.

Na Mwanakwerekwe sasa ndo inaeleweka. Nilikuwa nimetoka Fuoni boksi lina moto, nikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani ikanywea ghafla, boksi likavuta. Tundu la kuvutia hewa limezibwa, kwa hiyo likavuta kupitia sili, na nje ya sili siku hiyo hapakuwa na hewa, palikuwa na maji. Lilikunywa. Kama mtoto na mrija wa juisi.

Nimesafisha kile kijidude, nimepuliza kwa pampu, nikavisha mpira mwembamba wa petroli na kuupandisha mpaka chini ya siti, sentimita 40 na kitu, mdomo umeinamishwa chini usiingie vumbi. Sili sikuibadilisha. Nataka nione. Viatu vya breki nimetoa vyengine elfu nane, kwa uchungu.

Jumapili 1 Juni

Kilomita 260 tangu nizibue. Jana nimekwenda nayo Paje, kama kilomita 50 kwenda, nikapita mbele ya banda la yule bwana aloniuzia, tukaamkiana vizuri, sikumwambia kitu. Nimerudi na jua kali, boksi lina moto wa kutosha, nikafungua bolti palepale uani. Kimya. Rimu kavu. Nimepitisha karatasi nyeupe chini ya sili, nyeupe vilevile.

Leo nimemwaga oili ya kwanza maana gia mpya zinajisugua. Rangi ya asali, vumbi la chuma lililoganda kwenye sumaku ni kidogo sana, kama wanja. Nimetia mpya mililita 120. Vilobakia ni shokapu ya nyuma inayolia na ile bolti ya egzosi ilokatika ambayo mpaka leo nimeifunga waya.

Mama kaniita sasa hivi kutoka jikoni. Anasema kuna mteja kaja kurudisha malai ya ukwaju, kapata humo ndani kitu cha duara cha chuma. Ile 6204 ya akiba.